Shujaa na Mkasi: Maoni Kuhusu Vipande Tunavyovikata na Kuvitupa

Utangulizi

Nilipokuwa mtoto mjini Kakamega, palikuwa na chumba cha video karibu na soko ambako kwa shilingi kumi mtu aliweza kutazama filamu mbili. Diski zilizotumiwa zilikuwa nakala za nakala, zimekwaruzika kiasi cha kutosomeka. Mara nyingi shujaa alipokuwa ameinua ngumi tu, picha iliganda, kisha ikaruka mbele dakika tano au kumi, na ghafla tukamwona adui yule yule akiwa amefungwa pingu. Mwenye chumba hakuturudishia pesa. Hata hivyo, alikuwapo mtafsiri, kijana aliyeketi kando ya runinga na kipaza sauti, ambaye kazi yake ilikuwa kutusimulia filamu kwa Kiswahili. Yeye ndiye aliyetueleza yaliyotokea katika zile dakika zilizoruka. Alitusimulia vita vizima, maneno waliyotupiana wapiganaji, hata na sababu ya ugomvi wao. Miaka mingi baadaye nilibahatika kuitazama mojawapo ya filamu hizo kwa ukamilifu wake, nikatambua kwamba mtafsiri wetu alikuwa amebuni karibu yote. Nakiri pia kwamba kipande alichokibuni yeye ndicho kilichobaki akilini mwangu.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu ya mjadala ambao umekuwa ukiendelea ulimwenguni kwa muda sasa kuhusu filamu za mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida. Watazamaji hawatosheki tena na filamu iliyotolewa. Wanadai waonyeshwe pia vipande vilivyokatwa, matoleo yaliyofungiwa na kanda ambazo hazikuwahi kutolewa kamwe. Baadhi ya wasomi wetu wanauona mjadala huo kuwa mchezo wa watoto usiostahili kuingizwa katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Mimi nina maoni tofauti. Ninashikilia kwamba swali wanalouliza mashabiki wa filamu ndilo swali ambalo sisi wanafunzi wa fasihi tungepaswa kuliuliza kuhusu mashujaa wetu wenyewe: ni nani aliyeshika mkasi, alikata nini, na kilichokatwa kiko wapi?

Mkasi katika filamu

Yafaa kwanza tueleze mambo yalivyo, kwa faida ya wale ambao hawazifuatilii filamu hizi. Hakuna filamu inayotolewa jinsi ilivyopigwa. Picha nyingi hupigwa kuliko zinavyohitajika, na mhariri huchagua. Baadhi ya vipande huondolewa kwa sababu vinachelewesha masimulizi, vingine kwa sababu ya urefu, vingine kwa sababu mwenye fedha hakuvipenda.

Filamu ya Superman II ni mfano wa zamani. Mwelekezi wa kwanza, Richard Donner, alikuwa amekwisha kupiga sehemu kubwa ya filamu hiyo alipoondolewa, na kazi ikamaliziwa na Richard Lester. Toleo lililoonyeshwa kuanzia mwaka 1980 halikuwa na vipande alivyoigiza Marlon Brando kama baba wa shujaa. Vipande hivyo vilirejeshwa mwaka 2006, toleo la Donner lilipotolewa. Kwa muda wa zaidi ya miaka 25, basi, watazamaji walimjua mwana bila ya kumsikia baba.

Mfano wa pili ni Justice League. Mwelekezi wake, Zack Snyder, alijiondoa mwaka 2017 baada ya kufiwa na bintiye, na filamu ikakamilishwa na Joss Whedon. Toleo la mwaka huo lilikuwa la saa mbili hivi. Mashabiki walilalamika na kudai bila ya kuchoka hadi toleo la Snyder likatolewa mwaka 2021, lenye urefu wa saa nne. Kwangu mimi, jambo la maana hapa si zile saa mbili za ziada. La maana ni kujua hadithi ya nani ndiyo iliyokatwa zaidi. Mhusika Cyborg, kijana mweusi aliyeigizwa na Ray Fisher, alikuwa na hadithi ndefu kuhusu marehemu mama yake, baba yake na mwili wake ulioharibika. Katika toleo la 2017 hadithi hiyo ilibaki vijisehemu tu. Iliporejeshwa, watazamaji waliona kwamba kumbe huyu ndiye aliyekuwa moyo wa filamu nzima. Mkasi, kwa hiyo, hauchagui kwa kubahatisha. Huwa na mazoea yake, na mara nyingi huanza na yule anayedhaniwa kwamba hatakosekana.

Mfano wa tatu unahuzunisha zaidi. Mnamo Agosti 2022 kampuni ya Warner Bros. Discovery ilitangaza kwamba filamu ya Batgirl, iliyokwisha kupigwa, haitatolewa kamwe. Waelekezi wake, Adil El Arbi na Bilall Fallah, wamesimulia kwamba walipopata habari hizo walijaribu kuingia katika hifadhi ya tarakilishi ili wajinakilie kazi yao, angalau kwa simu ya mkono, wakakuta wamekwisha kufungiwa. Hapa si suala la kipande kukatwa tena. Ni shujaa mzima aliyefungiwa chumbani na ufunguo ukachukuliwa.

Hata filamu tuliyoiona kuwa yetu haikuepuka. Black Panther ilipoonyeshwa Kisumu mnamo Februari 2018, mwendo wa saa moja na ushei kutoka hapa Kakamega, tuliishangilia kwa sababu Lupita Nyong'o ni wa kwetu, na kwa sababu Daniel Kaluuya na Florence Kasumba wana asili ya Uganda. Baadaye vipande vilivyokatwa vilipotolewa pamoja na diski, kimojawapo kilikuwa mazungumzo kati ya Okoye na W'Kabi kuhusu mustakabali wa Wakanda. Aliyekitazama kipande hicho huelewa vyema zaidi kwa nini wapenzi hawa wawili wanakabiliana kwa silaha mwishoni mwa filamu. Wengi wetu hatukukitazama, na tumeandika insha kuhusu usaliti katika filamu hiyo bila ya kujua kwamba maelezo yake yalibaki sakafuni.

Liyongo naye alikatwa

Sasa tugeukie nyumbani. Shujaa wetu mkuu katika fasihi ya Kiswahili ni Fumo Liyongo. Tukimtaja darasani, karibu kila mara huwa tunamaanisha utenzi uliotungwa na Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Mwanafunzi hujifunza kimo cha Liyongo, nguvu zake, uhasama wake na mtawala wa Pate, kifungo chake, mkate uliofichwa tupa, sindano ya shaba, na mwili uliopiga magoti kisimani hata watu wasithubutu kuteka maji. Tunaufanyia mtihani na kuuweka rafuni. Kwetu sisi, hiyo ndiyo filamu iliyotolewa.

Lakini Kijumwa hakuwa wa kwanza kumsimulia Liyongo, wala hakudai kuwa wa mwisho. Miaka 43 kabla ya utenzi huo, Edward Steere alikwisha kuchapisha hadithi ya Liyongo kwa nathari katika mkusanyiko wake wa hadithi za Waswahili wa mwaka 1870. Kabla ya Steere, na baada yake, palikuwa na masimulizi ya watu wa Pate, Lamu, Siyu na Kipini, ambayo hayakufuata mpangilio mmoja. Pia kuna nyimbo zinazonasibishwa na Liyongo mwenyewe, nyimbo za gungu, za arusi, za kusifu uta na za kumsifu mwanamke, ambazo zilikusanywa na kuchapishwa pamoja na maelezo ya kitaalamu nchini Ujerumani mwaka 2004. Anayezisoma nyimbo hizo hukutana na Liyongo mwingine. Yule wa utenzini ni jitu la vita linalosakwa na kuuawa. Huyu wa nyimboni ni mtunzi, mpenda ngoma na mtu wa starehe, mwenye ulimi mtamu kama alivyo na mkono mzito. Ni wangapi miongoni mwetu tuliohitimu shahada ya kwanza tukiwa tumewajua wote wawili?

Tuutazame tena utenzi wenyewe. Liyongo anaozwa mke wa Kigala kwa sababu Wagala wanaitamani mbegu yake. Mke huyo anazaa mwana. Mwana huyo ndiye atakayemuua baba yake. Baina ya uzazi na usaliti kuna malezi ya miaka mingi, na katika miaka hiyo mke yule hatusimuliwi. Hatuambiwi jina lake. Hatuambiwi alimfunza mwanawe nini kuhusu babaye, wala alisema nini mwana aliporudi bila ya zawadi aliyoahidiwa. Kuna pia Saada, kijakazi anayebeba chakula na ujumbe hadi gerezani. Bila yeye hakuna tupa, na bila ya tupa hakuna kutoroka. Akishamaliza kazi yake anatoweka. Mtafiti Joseph Mbele wa Tanzania, aliyeishughulikia ngano ya Liyongo kwa miaka mingi, ametuhimiza tusiwapuuze wanawake katika tendi za Kiafrika. Himizo hilo nalichukulia kuwa wito wa kutafuta vipande vilivyokatwa.

Sisemi kwamba Kijumwa alikosea. Mtunzi wa utenzi ana vina vyake, mizani yake na hadhira yake, na ni lazima achague. Aidha, Kijumwa alikuwa mwandishi stadi wa hati aliyewanakilia wageni kazi nyingi, miongoni mwao William Hichens na Ernst Dammann, na sehemu kubwa ya miswada iliyopitia mikononi mwake imehifadhiwa London na Ujerumani. Ninalolisema ni kwamba sisi wasomaji ndio tuliokosea tulipolichukua toleo moja kuwa shujaa mzima. Mwandishi Kithaka wa Mberia alituonyesha njia mwaka 2001 alipoichota ngano hii na kuijengea tamthilia ya Kifo Kisimani, akaihamishia Butangi na kuitia siasa za wakati wetu. Aliuona mwanya katika hadithi na akaujaza, kama alivyofanya mtafsiri wa chumba cha video. Tofauti ni kwamba Mberia alijua kilichokuwapo kabla ya kujaza. Sisi tunaweza kujaza nini ikiwa hatujui kilichokuwapo?

Mkasi mikononi mwetu

Mpaka hapa nimewalaumu wenye kampuni za filamu na wasomaji wavivu. Haki inanidai nijilaumu na mimi.

Mwaka 2019, nikiwa katika mwaka wa nne wa shahada ya kwanza, nilikwenda upande wa Isukha, mashariki ya mji wa Kakamega, kukusanya ngano za mashujaa kwa ajili ya mradi wangu wa utafiti. Nilimpata fanani mmoja, ajuza mwenye sauti nyembamba na kumbukumbu pana, ambaye nilimwita kukhu kama anavyoitwa nyanya kwetu. Alinisimulia ngano inayofahamika kwa namna mbalimbali katika sehemu nyingi za Afrika: zimwi, tuliitalo linani, lilimeza kijiji kizima pamoja na ng'ombe wake. Akabaki mvulana mmoja. Mvulana alikua, akanoa silaha, akalikabili linani na kuliua. Alipolikata kidole, watu wakaanza kutoka mmoja mmoja.

Kinadharia, nilipata nilichokitaka. Nilikuwa nimejihami kwa mkabala wa Vladimir Propp wa majukumu 31 ya ngano, na hadithi hii ilitulia ndani yake kama yai kiotani. Palikuwa na upungufu, safari, pambano na ushindi. Kilichosalia kilikuwa tuzo. Nilitarajia mvulana atawazwe.

Kukhu hakumtawaza. Alinyamaza, akaongeza kuni motoni, kisha akaendelea. Watu waliotoka tumboni, alisema, walisimama uwanjani wakitetemeka. Walikuwa wamekaa mle miaka mingi, na mle mlikuwa na joto. Nje palikuwa na baridi na mashamba yalikuwa yameota magugu. Wakaanza kunung'unika: ni nani aliyekutuma? Bibi mmoja akamwambia mvulana kwamba tumboni hakuwahi kulima. Mvulana akajifunga jembe, akawalimia mtu mmoja mmoja hadi wakaacha kunung'unika, na alipomaliza alikuwa mzee, na hapana aliyekumbuka kwamba ndiye aliyeliua linani. Kisha kukhu akamgeukia mjukuu wake wa kike aliyekuwa akicheka, akamweleza ni kwa nini yeye mwenyewe alisimuliwa mwisho huo na mama yake katika mwaka wa njaa. Maneno hayo yalichukua kama dakika kumi na mbili.

Niliyakata. Sikupata jukumu lolote la Propp la kuyaingiza. Yalinichanganyia hoja yangu kwamba shujaa wa ngano hutuzwa na jamii. Katika kiambatisho cha mradi wangu ngano inaishia pale watu wanapotoka tumboni, na pana nukta kamili. Hakuna mtu aliyenilazimisha. Hapana msimamizi aliyeniambia nikate, na hapana mtahini aliyeuliza. Nilipewa alama nzuri.

Sauti yenyewe ilikuwa katika simu yangu. Simu ikajaa, nikaihamishia katika kadi ndogo ya kuhifadhia. Kadi ikaharibika. Sikuona kuwa ni msiba kwa sababu mradi ulikuwa umekwisha kufungwa kwa gamba jeusi lenye maandishi ya dhahabu. Mwaka 2023 kukhu alifariki. Jamaa zake wakakumbuka kwamba kulikuwa na mwanafunzi aliyekuja na simu. Mjukuu yule aliyecheka, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa, akanipigia kuuliza kama ninayo sauti ya nyanyake ili waisikilize katika matanga. Nilikuwa na kurasa tatu za tafsiri ya Kiswahili, na hazikuwa na mwisho.

Mwisho ule nimeuandika hapo juu jinsi ninavyoukumbuka. Naomba msomaji autilie shaka. Huenda nimefanya kama mtafsiri wa chumba cha video, nikajaza kwa yangu. Hapana njia ya kuhakikisha, na hilo ndilo deni langu.

Sidhani kwamba niko peke yangu. Kila mwaka wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vyetu hutawanyika vijijini wakiwa na simu. Hurekodi ngano, nyimbo, methali, majigambo, mawaidha ya matanga na vichekesho vya sokoni. Huchagua kidogo kinachoafiki malengo matatu yaliyoandikwa katika pendekezo la utafiti. Kilichobaki huwa ni kanda ambazo hazikutolewa, na hufa pamoja na simu. Tunaikosoa kampuni ya Marekani kwa kuifungia filamu moja, ilhali sisi tunaangamiza mafanani wetu kwa uzembe tu, bila hata ya kupata faida yoyote.

Je, kila kilichokatwa kirudishwe?

Pana hoja tatu zinazoweza kutolewa dhidi ya msimamo wangu, na zote zina uzito.

Ya kwanza ni kwamba kukata ni sehemu ya sanaa. Fanani mwenyewe hukata. Akiwa na watoto wenye usingizi hufupisha. Akiwa na wazee hurefusha. Toleo la saa nne la filamu si lazima liwe bora kuliko la saa mbili, na nimewahi kusinzia katika baadhi ya hayo matoleo marefu. Nakubaliana na hoja hii kikamilifu. Ninatofautisha, hata hivyo, kati ya kukata na kutupa. Seremala hukata mbao ili atengeneze kiti, lakini mabaki huyaweka kando kwa sababu anajua kesho atahitaji kabari. Ninachodai ni mabaki yahifadhiwe. Sidai yapachikwe kwenye kiti.

Ya pili ni kwamba si kila kitu kilichokatwa kinastahili kuonyeshwa. Wabukusu husimulia habari za Mango, shujaa aliyeliua joka lililowatesa watu na ambaye kwake desturi ya tohara inahusishwa. Baadhi ya nyimbo na maneno yanayoandamana na jando yana mahali pake, wakati wake na wasikilizaji wake. Mtafiti akipewa heshima ya kuyasikia hajapewa ruhusa ya kuyatangaza. Isitoshe, Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa asilia na maonyesho ya kitamaduni ya jamii, pamoja na sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data za watu binafsi. Kuhifadhi, kwa hiyo, hakumaanishi kumwaga kila kitu mtandaoni. Kisanduku kinaweza kuwa na kufuli, mradi ufunguo ujulikane uliko na wenye mali wawe na usemi juu yake.

Ya tatu ni hoja ya kibiashara. Wapo wanaosema kwamba vipande vilivyokatwa ni hila ya kuuza kitu kimoja mara mbili, na kwamba anayevililia amenaswa na soko. Huenda ni kweli kwa Hollywood. Huko kwetu hali ni kinyume. Hapana anayetuuzia sauti ya kukhu mara ya pili. Hata mara ya kwanza hatukuinunua. Tulipewa bure, pamoja na chai.

Nadhani jibu bora zaidi kwa hoja hizi tumepewa na filamu ya nyumbani. Supa Modo, iliyoelekezwa na Likarion Wainaina na kuonyeshwa katika tamasha la Berlin mwaka 2018, inamhusu Jo, msichana mgonjwa asiyetarajiwa kupona, ambaye anaota kuwa shujaa. Dadake na wanakijiji wanaungana kumfanya aamini kwamba ana nguvu za ajabu, na hatimaye wanaamua kumtengenezea filamu yake. Hawana vifaa wala fedha za Marekani. Walicho nacho ni uamuzi kwamba mtoto huyu asiondoke bila ya hadithi yake kuchukuliwa kwenye kanda. Wanakijiji hao, wasiosomea nadharia yoyote, walielewa jambo ambalo mimi sikulielewa nikiwa na cheti changu cha utafiti mfukoni: mwenye hadithi hatakuwapo daima.

Mapendekezo

Ili makala haya yasiwe maombolezo matupu, napendekeza mambo manne yanayoweza kutekelezwa na chama chetu na idara zetu bila ya kungoja mfadhili.

Kwanza, kila mwanafunzi anayefanya utafiti wa fasihi simulizi awasilishe rekodi zake zote, si zile alizozitumia tu, pamoja na tasnifu au mradi wake. Kila rekodi iambatane na jina la fanani ikiwa ameridhia, mahali, tarehe, lugha, waliokuwapo na masharti ya matumizi. Nakala zihifadhiwe mahali pasipopungua patatu, kwani kadi ndogo huharibika.

Pili, nakala ya kwanza irudi kwa fanani na jamaa zake. Rekodi alizozichukua Hugh Tracey nchini Kenya mwaka 1950 zilikaa miaka mingi katika hifadhi ya Afrika Kusini kabla ya baadhi yake kurejeshwa kwa jamii za waimbaji katika mwongo uliopita. Hatuna sababu ya kungoja zaidi ya nusu karne wakati fanani anaishi umbali wa nauli ya bodaboda.

Tatu, wasimamizi na watahini wakiruhusu kiambatisho cha tasnifu kibebe sehemu ambazo mwanafunzi aliziacha, pamoja na aya moja ya kueleza kwa nini aliziacha. Mwanafunzi atakayelazimika kuandika kwamba ameacha mwisho wa ngano kwa sababu haukuafiki nadharia yake, huenda akaitazama upya nadharia hiyo. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Nadharia ni msala upitao. Fanani ndiye mbachao.

Nne, jarida hili litenge ukurasa mmoja katika kila toleo kwa ajili ya vipande vilivyokatwa, ambapo mwanachama yeyote ataleta sehemu fupi aliyoiondoa katika kazi yake, kwa idhini ya mwenyewe, pamoja na maelezo mafupi. Nina hakika kwamba baada ya matoleo machache tutakuwa na hazina ambayo hata walimu wetu wataitamani.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kilio cha mashabiki wa filamu kuhusu vipande vilivyokatwa hakiko mbali na kazi yetu. Shujaa tunayempokea, awe wa Hollywood, wa Pate au wa Isukha, amepita chini ya mkasi. Si kosa kukata. Kosa ni kusahau kwamba tumekata, na kisha kuapa kwamba tulichobakiwa nacho ndicho kilichokuwapo.

Msichana yule wa Isukha sikuwa na la kumpa, ila nilimsomea zile kurasa tatu kwa simu. Nilipofika kwenye nukta kamili alisubiri kidogo, kisha akaniuliza, "Na wale waliosikia baridi?" Kumbe alikuwa anaukumbuka mwisho. Nimekubaliana naye kwamba likizo ijayo nitakwenda kwao, aketi, anisimulie jinsi yeye anavyoukumbuka, na safari hii nitaanza kurekodi kabla hajaketi na nitazima baada ya yeye kuinuka. Nawaalika wanachama wenzangu wanaodaiwa deni kama langu wafanye safari kama hiyo mapema, maadamu wapo wa kuulizwa.